Mashine Iliyouliza Jina

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na Fundi alilicheka. Programu aliyokuwa akiiweka kwenye kompyuta ya Mama Chapa ilifika pale inapouliza jina la mtumiaji, na binti yake Mdogo, aliyesimama nyuma ya bega lake, akaomba aandike lake. Akaandika herufi kwa herufi, ulimi nje. Alipomaliza tu, skrini ikageuka buluu, mashine ikajizima, na chumbani ikabaki harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

"Imekataa jina langu," Mdogo akasema.

"Haijakataa. Imeshiba," Fundi akamtania.

Fundi alitengeneza kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Pazia tu ndilo lililotenga meza yake ya kazi na jiko la mkewe, Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa wasichana wa darasa la tatu, wamefanana kama reale kwa ya pili. Mkubwa alimtangulia Mdogo duniani kwa muda wa kuchemsha chai, na hakuchoka kumkumbusha.

Mama Chapa alichapa kadi za mialiko mtaa wa pili, na mashine ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Alipoileta alisema, "Iwekee programu upya tu, Fundi. Usiipekue sana." Fundi akadhani mna siri za watu ndani.

Akaanza upya. Safari hii Mkubwa akadai zamu yake, kwani haki ni haki, naye akaandika jina lake. Mashine ikazimika vilevile. Fundi akawafukuza wote wawili wakacheze nje, akainamia kazi. Akabadilisha flashi, akabadilisha diski, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Mara programu ilikwama mwanzoni, mara katikati, mara ilipobaki kidogo tu kumalizika. Hapo akaanza kuelewa. Kosa lenye makao hutafutwa likapatikana. Kosa linalohamahama, mara nyingi limejificha kwenye memori. Huko ndiko mashine inakoshikilia vitu kwa muda wakati inavipanga, na memori ikiwa mbovu, ukiipa hiki inakurudishia kile.

Akaipima. Mistari myekundu ikateremka kwenye skrini kama mvua. Ndani ya mashine mlikuwa na vijiti viwili vya memori. Akajaribu kimoja kimoja, akivibadilisha nafasi. Cha kwanza kilikuwa kizima kila alipokiweka. Cha pili kilikuwa kibovu kila alipokiweka. Alipokichomoa kilikuwa na joto, ingawa umeme ulishakatwa kitambo, na akasikia mtu akishusha pumzi nyuma yake, pumzi ndefu ya mtu aliyeamshwa. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Akajiambia ni mkewe, jikoni.

Kwa kile kijiti kizima peke yake, programu iliingia bila kujikwaa. Ilipouliza jina, Fundi aliandika "mteja", basi. Kijiti kibovu akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na mnunuzi wa chakavu akapita adhuhuri ileile akaondoka nayo.

Mchana wakaketi kula. Mama Pacha akapakua sahani tatu.

"Na ya Mdogo?" Fundi akauliza.

"Mdogo gani?"

Fundi akacheka. Mkewe hakucheka. Mdogo akaingia, mikono inachuruzika maji, akasimama mbele ya mama yake. "Mama, sahani yangu iko wapi?"

Mama Pacha akamtazama kwa upole, ule upole wa kumtazama mtoto wa watu. "Kwenu hawajapika leo, mwanangu? Njoo ule. Lakini ukimaliza urudi, mama yako asije akakutafuta."

Hospitalini walimpiga Mama Pacha picha za kichwa, wakampima damu, hawakuona kitu. Alikumbuka siku ya harusi yake, alikumbuka mpaka rangi ya viatu alivyoazima. "Nimezaa mtoto mmoja, daktari," alisema. Alipoulizwa kwa nini basi anaitwa Mama Pacha, akatabasamu. "Utani wa mtaani huo."

Mdogo akawa halali vizuri, hali vizuri. Kila asubuhi alimwendea mama yake na kujitambulisha, kama anavyojitambulisha mwanafunzi mgeni, na kila asubuhi mama yake alimpokea vizuri na kumuuliza kwao ni wapi.

Kisha ikaja alasiri ya mvua, umeme umekatika, nyumba imekuwa kiza kabla ya wakati wake. Fundi alikuwa mezani kwake, mikono imelala, ndipo ile harufu ya sanduku la kale ikapenya pale pazia lilipoachana na ukuta, na nyuma yake ikafuata sauti, sauti ya mkewe lakini nzito na kavu kama ya mtu ambaye koo lake halijaonja maji, ikitaja herufi ya kwanza ya jina la Mdogo, kisha ikatafuna, polepole, kama mtu anayetafuna kitu kigumu na hataki asikiwe, kisha ikataja herufi ya pili, ikatafuna, na Fundi akataka kuinuka miguu ikamkatalia, akataka kuita ulimi ukamgandia, akabaki kusikiliza jina alilompa mwanawe mwenyewe likiliwa mpaka herufi ya mwisho, mpaka pakawa kimya, na katika kimya hicho mtu akalamba midomo.

Alipofungua pazia, mkewe alikuwa anachambua mchele, anaimba kwa sauti ya chini.

Fundi alikwenda kwa Mama Chapa chini ya mvua ileile. Hakukaribishwa ndani, waliongea mlangoni.

"Mama yangu aliandika majina yetu kwenye mashine ile," Mama Chapa alisema, macho chini. "Akamsahau kaka yangu, akanisahau mimi. Amekufa ananiita dada muuguzi. Nilidhani ni uzee."

"Ulidhani?"

Akauvuta mlango nusu. "Nilisikia kutafuna, Fundi. Ningekuambia, ungeipokea?"

Fundi akageuka, akarudi mvuani.

Mganga aliyeitwa alikuwa mzee mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Alimketisha Mama Pacha mkekani, akachoma ubani, akasoma kwa muda mrefu. Pacha walishikana mikono pembeni. Mwishowe shingo ya Mama Pacha ikalegea, na ile sauti kavu ikatoka.

"Nilikuwa na nyumba. Huyu akanitoa."

"Rudi nyumbani kwako," mganga akasema.

"Imeyeyushwa."

Mganga akamgeukia Fundi. Fundi alikuwa amekwisha kumfuata mnunuzi wa chakavu mpaka kwenye tanuru, kukitafuta kile kijiti, akaambiwa mzigo ule ulishayeyushwa. Akatikisa kichwa.

"Basi liteme jina la mtoto," mganga akaamuru. Akasoma tena, jasho linamtoka, kikohozi kinamkaba, mpaka Mama Pacha akajikunja, akakohoa, na kufumbua macho. Akamwona Mdogo. Akamwita kwa jina lake, akamvuta kifuani, akalia kama aliyempata aliyepotea baharini. Fundi naye akalia. Mkubwa akaja mbio kuwakumbatia.

Mama Pacha akarudi nyuma, amemkumbatia Mdogo kwa nguvu. "Na huyu," akanong'ona, "mbona ana sura ya mwanangu?"

Mganga alikusanya vitu vyake taratibu. "Yaliandikwa majina mawili; likitemwa hili, linaliwa lile," alimwambia Fundi mlangoni. "Mimi nguvu zangu ni za moja."

Tangu hapo Mama Pacha akawa na mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Yeyote aliyeingia peke yake ndiye binti yake, akambusu, akamsuka, akamuuliza habari za shule. Wakisimama wote wawili, alimjua mmoja na kumwogopa mwingine mpaka akapiga kelele. Wasichana hawakufundishwa na mtu, walijipangia wenyewe. Mmoja aliingia kwa mama, mwingine akakaa na baba chumba cha mbele, kisha wakabadilishana. Walivaa nguo zinazofanana. Usiku walilala kwa baba yao, mama akiamini mwanawe yuko chumba cha pili, na gizani walisimuliana yote ambayo mama alisema, ili kesho anayeingia asije akakosea.

Fundi aliendelea kufanya kazi, maana watu wanakula.

Jioni moja Mkubwa alikuwa ameketi naye, anachezea skrubu mezani. Ng'ambo ya pazia Mdogo alikuwa anasukwa.

"Vumilia kidogo," Fundi akamwambia. "Mwenzako akitoka, na wewe utaingia."

"Mwenzangu nani, baba?"

Fundi alidhani anatania. Akamtazama. Uso wa mtoto ulikuwa mtulivu kabisa.

Jikoni Mdogo akacheka, kicheko chake kile cha puani. Mkubwa akainua kichwa, akasikiliza. Kisha akateremka kwenye kiti, akaja karibu na baba yake, akamshika mkono wa shati.

"Baba," akanong'ona, "nani huyo yuko na mama?"