Gari Lisilokunywa

Mimi magari siyajui. Najua sindano, uzi na cherehani, basi. Lakini mdogo wangu Moubarak alikuwa mgonjwa wa magari, na nyumba yangu ya Buyenzi ikanuka grisi kuliko karakana. Sahani zangu alizitilia skrubu. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikimgombeza ananijibu, "Yaya Houda, we unahurumia sahani kuliko ndugu yako." Nacheka, naosha sahani nyingine. Mama alipofariki aliniachia huyo, wala hakuniachia kingine.

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, kuukuu, la aina ile ambayo hapa Bujumbura utaikuta kila kona. Wenye magari hayo walikuwa na kundi lao kwenye simu. Gari likikusumbua, unalifungua mbele, unarekodi mlio wa injini, unautuma kundini. Hapo mabingwa wanaamka. Wa Kamenge anasema ni buji, yaani plagi, wa Kibenga anasema ni pampu, na fundi Shakuru, mwenye karakana mtaa wa pili kutoka kwangu, anangoja wachoke kubishana ndipo atoe hukumu.

Na walikuwa na desturi moja waliyoiita kujaribisha. Kabla hujanunua kipuri, mwenzako anachomoa cha gari lake, mnakifunga kwenye lako, mnaona kama ugonjwa umeondoka. Ukishajua, unakirudisha na kwenda kutafuta chako. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, watu walikuwa wakiaminiana tu.

Basi gari la Moubarak likaanza kuzimika njiani. Shakuru akasema ni kalkulateri, kile kisanduku cha bati kinachoiamrisha injini. Nani angekitoa cha kwake, hata kwa siku moja? Ndipo Aloys, jamaa wa Kamenge, akakumbuka gari la Hamood lililokuwa limesimama uani kwake Ruziba chini ya turubai.

Hamood alikuwa mwenzao wa kundini, muuza mabati, na alikuwa amefariki karibuni. Mjane wake, Kaltum, alikuwa edani. Wanaume wazima wamwingilie mwanamke aliye edani kumwomba kipuri? Waliona aibu. Wakaamua kwamba heshima ni kutomsumbua. Wakamsalimu mlinzi, wakalifunua gari, wakachomoa kisanduku. Shakuru na Moubarak walisoma madrasa moja, walijua vizuri kwamba mali ya marehemu ambayo haijagawanywa haiguswi bila ruhusa ya warithi. Wakaambiana, hatuchukui, tunajaribisha tu.

Gari likapona. Moubarak aliniendesha hadi ufukweni kunionyesha, akiimba njia nzima.

Wakati huo esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika mjini. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, na wenyewe wakalala ndani yake. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, Moubarak akaniita uani.

"Yaya, ona. Nilifika Kibenga, nikaenda Ruziba, nikarudi. Mushale haikushuka."

"Hiyo mushale imekufa."

"Apana. Niliingiza kajiti mu tangi. Esansi iko palepale."

Alikuwa akicheka kama mtoto wa Idi. Nami nilicheka naye, kwa nini niseme uongo? Mji mzima unatembea kwa miguu, mimi napelekwa sokoni kwa gari. Kundini wakamwomba siri yake, akawazungusha. Hakuna aliyetaja tena habari ya kukirudisha kisanduku.

Shakuru peke yake hakucheka. Aliliangalia gari, kisha akamwangalia Moubarak.

"Hakuna moteri yenye haikunywake," akasema. "Hii iko inakunywa kitu."

Suruali ndiyo iliyoniambia kabla ya uso wake. Moubarak aliniletea suruali niipunguze kiuno. Nikaipunguza. Akaniletea tena ileile. Kisha nikaona maji. Alikunywa jagi zima amesimama, akajaza, akanywa tena, na midomo yake ikabaki imekauka. Siku moja alijikata kidole kwa bati, mkato mrefu, hadi nyama nyeupe ikaonekana. Nikakimbilia kitambaa. Niliporudi alikuwa bado anakiangalia kidole. Hakikutoa damu.

"Moubarak," nikamwambia, "hiki kisanduku kirudi Ruziba leo."

Hakubisha. Nadhani na yeye alikwisha kuogopa.

Shakuru akaja mchana uleule, jua la utosi, watoto wa jirani wakicheza upande wa pili wa ukuta. Moubarak akawasha injini mara ya mwisho, akaja kukaa karibu yangu kwenye kizingiti. Shakuru akainama ndani ya gari, chini ya usukani. Akachomoa kisanduku.

Injini ikanyamaza.

Moubarak akanyamaza pia. Alikuwa katikati ya neno. Akaniegemea taratibu, macho wazi. Nikaweka kiganja puani mwake. Hakuna pumzi. Nikaweka sikio kifuani. Hakuna kitu.

"Rudisha!" nikasema. "Shakuru, rudisha!"

Shakuru akakirudisha. Injini ikawaka. Hakuna aliyekuwa amegusa ufunguo.

Na Moubarak akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetolewa ziwani.

Kuanzia hapo hatukuthubutu kuizima. Ikizimika anakufa. Ikiendelea inammaliza. Iliunguruma uani mchana na usiku, na mdogo wangu akapungua mbele ya macho yangu. Nilimpa uji, nikampa maziwa, nikamsomea Yasini kichwani. Sheikh alikuja, akasoma, akatoka bila kuaga. Mimi niliyemfunga huyu mtoto mgongoni nikabaki namwangalia tu. Sijawahi kuwa mnyonge namna ile.

Nikachukua simu yake. Nikafanya kama nilivyomwona akifanya, nikarekodi mlio wa injini na kuutuma kundini. Nikaongeza sauti yangu: "Mi ni dada ya Moubarak. Gari inakula ndugu yangu. Mutu anajua dawa aniambie."

Wale waliojua kila mlio, wale wa buji na wa pampu, waliusikiliza. Niliona alama kwamba wameusikiliza, mmoja baada ya mwingine. Jioni Aloys akaandika, "Pole, yaya." Hakuna mwingine aliyejibu.

Nikabakiwa na njia moja. Wanaume walishindwa kuingia kwa mjane, lakini mimi ni mwanamke. Asubuhi nikamwacha Shakuru na mgonjwa, nikaenda Ruziba.

Kaltum alinipokea chumbani, amekaa kwenye mkeka, mapazia yamefungwa. Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba ndugu yangu alichukua kitu cha marehemu bila ruhusa, na kwamba nikisamehewa leo nitakirudisha leo.

Akasema kwa sauti ya chini sana, "Ile haikukuwa ya Hamood."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Yeye pia alijaribisha. Walitoa mu gari ya mutu alikufa."

Nikamuuliza kama Hamood alikonda. Akaitika kwa kichwa.

"Ilimaliza namna gani?" nikauliza.

"Gari ilijizima yenyewe."

Nikainuka. Akanishika mkono, vidole baridi, akanirudisha chini.

"Mi niliwasikia siku walikuja," akanong'ona. "Nilikuwa kwa dirisha. Ningeweza kupiga kelele. Nikanyamaza. Nikasema alhamdulillah, inatoka kwangu." Machozi yakamtoka. "Ni mi naomba radhi, Houda. Nisamehe we."

Nikautoa mkono wangu vidoleni mwake. Nilimchukia, na nilijua kwamba mahali pake ningenyamaza hivyohivyo.

Nilirudi Buyenzi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa magari hayakuwepo. Nilipoingia mtaa wetu nikaanza kutega sikio. Nilisikia nyundo za mafundi. Nikasikia mwanamke anauza ndizi. Nikasikia redio.

Injini sikuisikia.

Shakuru alikuwa amesimama langoni, mikono kichwani. "Sikuigusa," akasema. "Yaya, wallahi sikuigusa."

Moubarak alikuwa ndani ya gari, nyuma ya usukani. Miguu ilikuwa imekwisha kumkataa, na hakuna aliyempeleka pale. Nikamwinua. Mimi siwezi kuinua gunia la mchele. Yeye nilimbeba peke yangu hadi kitandani, na sikuchoka.

Maiti ya Kiislamu haisubiri. Akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, katika kilio. Nilisikia magari yakiwaka nje, mengi, nikashukuru kwamba wenzake wa kundini wamekuja kumsindikiza. Wanawake hatuendi makaburini. Sikujiuliza wamepata wapi esansi.

Waliporudi nilitoka uani kuwaandalia maji ya kunawa. Harufu ya esansi ilikuwa kali. Nyuma ya gari la Moubarak kulikuwa na mpira wa kunyonyea, madumu matupu, na mfuniko wa tangi umewekwa juu ya paa.

"Mulifanya nini?" nikamuuliza Aloys.

"Gari zetu zote zilikuwa kavu, yaya. Tulifungua yake ili tumupeleke na heshima." Akateremsha sauti. "Ilikuwa imejaa. Mpaka ilikuwa inamwagika. Tuligawana, na bado haikuisha."

"Nani aliwaambia mutoe?"

"Ulikuwa mu kilio. Hatukutaka kukusumbua."

Nje ya lango magari yao yalikuwa yamepangwa ukutani, yote ya aina ile moja, yote yakiunguruma. Nikawaambia wazime. Nilipiga kelele, nguo ya kichwa ikanianguka, wanawake wakatoka kunishika wakidhani ni uchungu wa msiba.

"Tulikwisha zima," Shakuru akasema.

Akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa humo. Nikawaangalia wengine. Kila mmoja alikuwa ameshika wake mkononi, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

"Yaya," Shakuru akaniuliza polepole, yeye fundi, "tufanye namna gani?"

Aloys akaketi kwenye kizingiti. Akasema jua la leo ni kali, ana kiu sana, nimsaidie maji. Nikamletea jagi. Akalimaliza bila kulishusha, akanirudishia, akaomba lingine.