Zote Sawa

Jumamosi ile duka kubwa la Makindye lilijaa watu hadi mlangoni. Adoch aliingia kununua sabuni tu, akakuta njia imezibwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake zilisimama chupa mbili zilizofungwa kwa gazeti, na nyuma yake kijana Mkenya, shati la buluu limepigwa pasi likanyooka.

"Nyabo, mama, onja waini, ni bure. Moja ni elfu ishirini na tano, nyingine laki mbili. Niambie ghali ni ipi."

Adoch akaonja hii, akaonja ile. "Zote sawa."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. "Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza asiyejifanya. Naitwa Obonyo. Naomba namba yako."

Akampa. Hakuona sababu ya kumnyima, kama ambavyo siku hizi hakuona sababu ya jambo lolote. Miezi saba ilikuwa imepita tangu kaka yake Oyet, askari, arudishwe kutoka vitani ndani ya sanduku. Adoch hakulia mazishini. Aligawa chai, kesho yake akarudi kwenye cherehani yake kushona sare. Tangu hapo chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni.

Obonyo alipiga simu kila jioni.

"Mrembo, umeshindaje?"

"Nipo."

"Umenikumbuka?"

"Sijui."

"Haya, nitauliza tena kesho. Mimi sichoki."

Miezi miwili ikapita hivyo. Walitembea, walikula samaki, Adoch alishikwa mkono akauacha ushikwe.

Kisha Ulrich, mwenye kampuni ya waini aliyemwajiri Obonyo, akaandaa chakula cha mchana kwa wenye hoteli. Adoch alivaa gauni la kijani, nywele amesuka upya. Obonyo akamnong'oneza, "Mpenzi, ukiulizwa, sema ile ghali ndiyo tamu. Nikiiuza leo, napandishwa cheo."

Ulrich akamuuliza kweli, mbele ya wote. Adoch alitafuta lile neno alilofundishwa, akalikosa.

"Zote sawa," alisema.

Mama mmoja mwenye hoteli, Benedicte, akaagiza chupa zifunikwe, wageni waonje bila kuona majina. Karibu wote wakaisifu ile rahisi. Benedicte akaagiza katoni arobaini za hiyo hiyo, na ile ya laki mbili haikununuliwa hata moja.

Huko nje, karibu na magari, Obonyo alimgeukia kwa hasira. "Ungepungukiwa nini kwa uongo mdogo?"

"Sikuupata."

"Na mimi je? Nikikushika mkono, unasikia nini? Au mimi pia na wengine ni sawa?"

Adoch akanyoosha mkunjo wa gauni lake. Obonyo akaenda zake.

Simu haikulia tena. Adoch alishona makola, akashona mifuko, akala alichopewa. Hakuna aliyemwona amebadilika.

Siku moja saa nne asubuhi Obonyo akasimama mlangoni kwao, kwenye nyumba za askari, mkononi ameshika begi.

"Nimehamishiwa Mbarara. Nimekuja kusema samahani. Sikukasirikia waini, Adoch. Niliogopa jibu lako."

Adoch aliondoa mguu kwenye cherehani. Ndipo akamweleza habari za Oyet, zote, mpaka lile sanduku ambalo hawakuruhusiwa kulifungua. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetaka nilie. Sina machozi, Obonyo. Siwezi kukudanganya kwamba moyo wangu unaruka nikikuona. Ila hukupiga simu siku kumi na moja. Nilizihesabu. Tangu Oyet afe, sikuwa nimejua leo ni siku gani."

Obonyo aliweka begi chini polepole. Adoch akasogeza sare zilizokuwa kwenye benchi, naye akaketi.

"Mbarara kuna mafundi wa kushona?" Adoch akauliza.

"Wapo. Lakini mimi namtaka mmoja tu, kwa ndoa."

Adoch akakata uzi kwa meno, akaikunja sare.

"Basi kaongee na mama. Yuko jikoni."