Basi Ambalo Mama Yake ni Lori

Sekela anakaa Tukuyu, kule ambako mvua haijui kupumzika. Anakaa na Bibi, na asubuhi anakwenda shule kwa basi la njano.

Basi la njano halina adabu.

*Gudu-gudu, gudu-gudu, ngu!*
*Makalio juu, makalio chini.*

Mama yake Sekela yuko Dar es Salaam. Anashona nguo kiwandani.

Likizo iliyopita Mama alimleta Sekela kwa Bibi kwa basi kubwa la safari. Basi lile lilinesa. *Nesa, nesa, shuuu.* Sekela alilala mapajani kwa Mama njia nzima.

Kisha Mama akarudi kazini. Mapaja nayo yakaenda naye.

Sasa kila asubuhi Sekela anafumba macho ndani ya basi la njano. Anataka alale kidogo tu, kama siku ile.

*Gudu-gudu, gudu-gudu, ngu!*
*Makalio juu, makalio chini.*

"Nimeng'ata ulimi," alisema Sekela.

"Ulimi ukae ndani," alisema Anti Lugano, anayewapandisha watoto. "Ukiongea kwenye tuta, utaumeza."

Jioni Sekela alimuuliza Bibi, "Kwa nini basi la Mama ni laini?"

"Basi la Mama linakalia upepo," alisema Bibi. "Kula ugali."

Upepo! Sekela akala ugali haraka haraka.

Asubuhi alikuja na puto. Alilipuliza, fuuu, fuuu, mpaka mashavu yakamuuma. Akaliweka juu ya kiti, akalikalia polepole.

Basi likafika kwenye tuta.

*Gudu-gudu, gudu-gudu, PWAA!*

"Tairi!" alisema Anti Lugano.

Dereva akasimamisha basi. Dereva ni Anko Ambakisye. Alishuka kwenye mvua, akapiga teke tairi hili, akapiga teke na lile. Yote mazima.

Akarudi ndani amelowa kama kuku.

"Shikamoo, Anko," alisema Sekela kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Tulishasalimiana, wewe."

"Ni puto langu. Nilitaka kukalia upepo. Kama basi la Mama."

Watoto wakacheka. Anko Ambakisye hakucheka. Alijifuta uso kwa kofia.

"Basi la mama yako lina mifuko ya upepo huko chini, mikubwa kama ngoma," alisema. "Hili lina springi za chuma. Hili mama yake ni lori."

"Basi lina mama?"

"Lilikuwa lori la viazi. Wakatoa bodi, wakaweka viti, wakapaka njano. Lakini miguu ni ileile ya lori. Inajua magunia, haijui watoto."

Akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Na nyinyi ni vijiti vya kiberiti. Mkikaa, springi hazisikii kitu. Basi linadhani liko tupu, ndiyo maana linarukaruka."

Sekela akafikiri. "Likipakia watu wazito?"

"Linatulia. Siku ya wazazi, mama zenu wakipanda, linatulia kama limekaripiwa."

Jioni Bibi alimpigia Mama simu. Sekela akaichukua.

"Mama, umenenepa?"

"Swali gani hilo?" alisema Mama. "Kidogo."

"Basi njoo siku ya wazazi. Basi letu linataka watu wazito."

Simu ilikuwa inapumua tu.

"Nitaomba ruhusa," alisema Mama.

"Omba leo," alisema Bibi kutoka jikoni. "Usituambie utaomba."

Sekela akangoja. Mvua ikanyesha. Simu ikawa haisemi kitu.

*Gudu-gudu, gudu-gudu, ngu!*
*Makalio juu, makalio chini.*

Siku ya wazazi ikafika. Mama hakuwa amefika.

Sekela na Bibi wakapanda basi la njano. Akapanda pia mama wa mwenzake Gwantwa, mpana kama mlango. Wakapanda na wengine, viti vikalia *nyii*.

Pembeni ya Sekela palikuwa wazi. Aliweka mkono pale, mtu asikae.

Basi likapita stendi.

"Simama hapa kidogo, Ambakisye," alisema Bibi. "Basi la Dar halijaingia."

"Mama, tumechelewa," dereva alimwambia Bibi.

"Kwani mwalimu mkuu anakimbia? Simama."

Wakasimama. Wakangoja. Watu wakaanza kuguna, na Bibi akawatazama mpaka wakaacha.

*Shuuu.*

Basi kubwa likaingia stendi. Wakashuka watu, na mabegi, na ndoo. Akashuka mwanamke mwenye macho ya usingizi na khanga begani.

Sekela akatoa mkono wake kwenye kile kiti.

Mama akapanda, akakaa. Akampakata.

"Umekuwa mrefu," alisema Mama.

"Na wewe umenenepa kweli," alisema Sekela. Alifurahi sana.

Basi likaondoka, limejaa mama za watu. Likafika kwenye tuta.

*Gudu... gudu... nesa.*
*Nesa, nesa, shuuu.*

Khanga ya Mama ilikuwa na joto. Sekela akafumba jicho moja, akafumba na la pili.

Wakafika shuleni. Wazazi wote wakashuka kwenda kusikiliza hotuba.

"Nimwamshe?" aliuliza Mama.

"Mwache alale," alisema Bibi. "Hotuba hata mwakani zitakuwepo."