Fundi Aliyesinzia Kwenye Msumeno

Kila asubuhi mke wa seremala alifungua karakana, akafagia vumbi la mbao na kupanga oda za siku. Mumewe alikuja nyuma yake akipiga miayo. Majirani walimwita Jenereta, maana alikoroma mpaka nyumba ya pili. Mwenyewe alicheka tu. Kwake kukoroma kulikuwa dalili ya usingizi mtamu.

Siku moja alikuwa akipasua ubao kwenye msumeno wa umeme. Mkewe aliinua macho, akamwona mumewe amefumba yake. Mkono ulikuwa unafuatana na ubao kuelekea kwenye meno ya msumeno. Mwanamke alirukia swichi, akazima.

"Ulikuwa umelala!"

"Nani, mimi? Nilikuwa napiga mahesabu."

"Mahesabu ya ndotoni? Vidole vilikuwa vinakwenda hivyo!"

Vidole vile ndivyo vilivyowalisha, na mke alimpenda mwenye vidole hivyo.

Siku hiyo hiyo alimwita wifi yake, muuguzi wa kliniki ya jirani.

"Kaka, ukiamka kichwa kinauma?" muuguzi aliuliza.

"Kidogo."

"Anadanganya," mke alisema. "Kila siku. Na akilala anakoroma, halafu kimya. Mara anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mimi nampiga kiwiko."

"Wifi, kiwiko chako kimegundua ugonjwa kabla yetu," muuguzi alicheka. Kisha akaeleza. "Huenda njia ya hewa kooni inajiziba akilala. Pumzi inakatika, mwili unamwamsha bila yeye kujua. Ndiyo maana mchana anasinzia. Akiachwa hivyo, moyo unachoka na shinikizo la damu linapanda."

"Basi mnataka kunilaza hospitali, na oda za watu zinangoja!"

"Hapana, kaka. Siku hizi kipimo kinakuja kulala kwako."

Kliniki ilimpa kifaa cha kuvaa mkononi usiku kama saa, chenye waya mfupi wa kufungwa kidoleni. Mwanga wa taa yake hupenya ngozi na kupima oksijeni katika damu. Kesho yake seremala alikirudisha akijitapa kuwa yeye ni mzima. Muuguzi alitazama kompyuta, hakuona kitu. Akamshika mkono, akakwaruza ncha ya kidole.

"Hii nini?"

"Gundi ya mbao. Kidole kikichanika tunakiziba nayo. Mafundi wote tunafanya hivyo."

"Kaka! Mwanga utapita wapi hapo? Kifaa hakikusoma. Kukosa majibu si kuwa mzima."

"Basi, yaishe."

"Hayaishi," mkewe alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpaka upimwe, msumeno huugusi."

Mara ya pili kifaa kilifungwa kwenye kidole kidogo, kisafi, kisicho na gundi wala rangi. Mke aliambiwa amwache mumewe alale, asimguse. Ilikuwa kazi ngumu, lakini aliiweza.

Daktari alisoma majibu. Pumzi ilikuwa ikikatika mara nyingi kila saa, na oksijeni ikishuka.

"Ugonjwa huu unatibika," alisema.

Alimpa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani, ili njia ya hewa ibaki wazi. Alimshauri pia alale ubavu, apunguze uzito na aache pombe ya jioni. Mwanzoni barakoa ilimfinya, naye akanung'unika. Muuguzi alilegeza mikanda, manung'uniko yakaisha. Nyumba ikawa kimya hata mke akamtikisa bega kwa hofu.

"Kuna nini?"

"Sikusikii!"

"Nimelala, mke wangu. Niache nilale."

Wiki zilipita. Maumivu ya kichwa yaliisha na kusinzia kukakoma. Daktari alimpima tena, akamruhusu kurudi kwenye msumeno. Siku hiyo mkewe alisimama kando ya swichi, mkono tayari. Ubao wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, umenyooka. Mke alibaki pale pale.

Seremala alizima msumeno mwenyewe, akamgeukia.

"Nenda kapumzike, mke wangu. Niko macho."

Alimtazama machoni kwa muda, akaona ni kweli. Ndipo alipokwenda.