Aliyeshika Ngazi ya Mama Dorsila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimsaidia Baba kufungua duka lake la nguo mjini Migori. Yeye aliondoa mbao za mlangoni, nami nikatoa majora ya vitambaa na kuyapanga mezani. Juu ya mlango palikuwa na ubao wenye jina la duka, herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu, na kando yake picha ya mwanamke aliyejitanda leso ya maua. Ubao huo ulichorwa na Mama Dorsila Akeyo. Alikuwa amechora karibu kila duka la barabara yetu. Alichora mkasi wa kinyozi, chupa za duka la dawa, na samaki wa hoteli ya jirani, ambaye Baba alisema anamtia njaa hata akiwa ameshiba.

Mwaka wa 1996 nilikuwa darasa la saba. Siku moja Mwalimu Mayaka, aliyetufundisha muziki, alituambia kwamba shule yetu ingeshiriki mashindano ya maigizo. Alitaka mchezo wa nyimbo, wenye ngoma na nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, kuhusu maisha ya mtu mmoja.

"Shule nyingi zitaleta wafalme na majemedari," alisema. "Sisi tutamleta nani?"

Niliinua mkono. "Mwalimu, tumlete Mama anayechora maduka."

Wengine walicheka. Rafiki yangu Liz akauliza, "Yule anayepanda ngazi akiwa na suruali ndani ya rinda?"

Mwalimu Mayaka hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akanipa daftari jipya. "Idil, wewe ndiye umemtaja. Nenda umwombe ruhusa, umuulize maisha yake, uandike. Sisi tutatunga nyimbo kutokana na daftari lako."

Jumamosi nilimkuta Mama Dorsila akichora ukuta wa duka la saa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Nilipomweleza shida yangu alishuka ngazi polepole, akafuta mikono kwa kitambaa kilichonuka mafuta ya taa.

"Wimbo juu yangu mimi?" aliuliza. "Haya, kaa hapa kivulini, nyathina. Wewe ni mwanangu leo."

Alinieleza kwamba alizaliwa kisiwani Mfangano, na kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha kupamba kuta za nyumba kwa udongo mweupe na mwekundu. Alisoma mpaka darasa la tatu tu. Aliolewa Sindo, kando ya ziwa, na mume wake aliitwa Maurice. Hapo mwenye duka akatoka kuuliza kazi itakwisha lini.

"Rudi Jumamosi ijayo," Mama Dorsila aliniambia akipanda ngazi tena. "Hayo niliyokueleza ni mwanzo tu. Habari yenyewe bado."

Jumamosi iliyofuata binamu yangu Kultum aliwasili kutoka Garissa. Hatukuwa tumeonana kwa miaka miwili. Tulicheza, tukasukana nywele, tukala halua mpaka jioni, nami nikalisahau daftari. Au niseme ukweli: sikulisahau. Nililiona mezani mara mbili, nikaligeuzia kisogo.

Jumatatu Mwalimu Mayaka aliniuliza, "Ulirudi kwa Mama Dorsila?"

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema. Neno lenyewe lilikuwa jepesi sana kinywani.

Usiku uliopita nilikuwa nimejaza kurasa zilizobaki kwa mambo niliyoyabuni. Niliandika kwamba Maurice alikuwa mume mkali asiyependa mke wake achore. Niliandika kwamba siku moja alikusanya makopo ya rangi ya mkewe, akayatupa ziwani, akamfukuza, naye Dorsila akatembea kwa miguu kutoka Sindo mpaka Migori akilia. Mwalimu alisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Maskini mama huyu," alisema. "Lazima wimbo huu uwe na nguvu."

Wimbo ulikuwa na nguvu kweli. Liz alikuwa Dorsila. Byron, mvulana mcheshi kuliko wote darasani, alikuwa Maurice. Alipoyanyakua makopo na kuyatupa huku akiunguruma, watazamaji walimzomea kwa furaha, na Liz alipoimba akilia, walimu wawili walitoa leso zao. Katika mashindano ya wilaya pale Migori tulishika nafasi ya kwanza. Tukachaguliwa kwenda mashindano ya mkoa, ambayo mwaka huo yangefanyika Homa Bay.

Mama Dorsila hakuuona mchezo huo, kwa sababu wiki ile alikuwa Kosele akichora kinu cha kusagia mahindi. Lakini aliporudi, habari zilimfikia. Alhamisi alasiri alitokea shuleni akiwa amebeba ndoo mbili na brashi zake.

"Watoto wameniimba," alimwambia Mwalimu Mayaka. "Sina kitu kikubwa cha kuwapa. Nitawachorea pazia la nyuma, ili mkienda Homa Bay watu waone ziwa."

Baba alitoa kitambaa cheupe cha marekani dukani. Tulikitandaza sakafuni katika darasa tupu, na Mwalimu akaniambia nibaki kumsaidia mgeni. Nilimkorogea rangi huku nikiogopa, maana wenzangu walikuwa wakifanya mazoezi darasa la jirani, na ukuta ulikuwa mwembamba.

Mama Dorsila alianza kuchora mtumbwi. "Huu ni wa Maurice," alisema. "Alikuwa fundi wa mitumbwi pale Sindo. Mkono wake ulijua mbao, lakini herufi zilimshinda. Wenye mitumbwi walitaka majina ubavuni, naye aliandika yakapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Siku moja alinipa brashi, akasema, jaribu wewe. Nikajaribu. Basi, toka siku hiyo hakuigusa tena brashi. Alisema katika nyumba hii mwandishi ni mmoja."

Alicheka peke yake, akaendelea.

"Tulipokuja Migori kutafuta kazi za maduka, yeye ndiye aliyenitengenezea ngazi. Akaishika kila siku. Wanaume walimcheka barabarani. Walimwambia, mke wako yuko juu na wewe uko chini, huoni aibu? Akawajibu, nikiiachilia ataanguka, na ninyi mtakosa majina ya maduka yenu. Amekufa mwaka wa saba huu. Ngazi ninayo, lakini sasa naiegemeza ukutani tu."

Wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta, sauti ya Byron ilipaa: "Mimi Maurice, mume wa Sindo, rangi zako nazitupa ziwani." Wenzetu wakamzomea kama walivyofundishwa.

Mkono wa Mama Dorsila ulisimama. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akanitazama. "Nani aliwaambia hivyo?"

Ningeweza kusema kwamba sijui. Niliifikiria njia hiyo, na mpaka leo nashukuru kwamba sikuifuata.

"Ni mimi," nilisema. "Sikurudi Jumamosi ile. Nilicheza na binamu yangu, halafu nikaandika ya uongo."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliziosha brashi zake moja moja, akafunika makopo, akajitwika ndoo na kuondoka, akiacha mtumbwi mmoja juu ya kitambaa kikubwa cheupe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mayaka nikamweleza yote mbele ya wenzangu, kwa sababu sikuwa na nguvu za kungoja tubaki wawili. Kisha Byron akasema kwa hasira, "Imebaki wiki moja. Na ule wimbo ndio uliotupa ushindi."

"Tuuache tu, Mwalimu," mwingine akasema. "Majaji wa Homa Bay watajuaje?"

Mwalimu Mayaka aliketi kwenye dawati. Uso wake ulikuwa umechoka. "Majaji hawatajua," alisema. "Mama Dorsila atajua. Na huyo mzee aliye kaburini hawezi kujitetea. Wimbo huo hatutauimba tena. Kama hatuna mwingine, hatutakwenda." Kisha akanigeukia. "Idil, ulinidanganya nami nikakuamini. Hilo tutaliongea baadaye. Kwanza nenda ukamwombe msamaha."

Nyumbani nilimwambia Baba. Alikunja kitambaa kilekile mara tatu.

"Yule mama alipochora ubao wetu," alisema mwishowe, "sisi tulikuwa wageni mjini, hakuna aliyetujua. Mume wake alikaa hapa mlangoni akawaambia wapita njia, ingieni, hawa ni majirani wapya. Wateja wetu wa kwanza alituletea yeye. Kesho kutwa nitafunga duka, tutakwenda pamoja. Lakini utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwake, upande wa Oruba. Alikuwa uani akianika dagaa. Alimsalimu Baba, akatuletea viti, akaketi juu ya gogo. Nilisimama mbele yake.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Ulinipa muda wako nami nikaudharau. Nimemharibia Mzee Maurice jina lake, na hakunikosea kitu."

Aliwapeperusha nzi juu ya dagaa. Kuku walipita katikati yetu.

"Usiku ule sikulala," alisema. "Sikulia kwa sababu yangu. Niliwaza, watu wa wilaya nzima wamemzomea Maurice, na mimi nilikuwa Kosele sijui." Alinitazama tena. "Lakini nilipokuuliza, hukukwepa. Ulisema, ni mimi. Watu wazima wengi hawawezi." Akatabasamu kidogo. "Umeleta daftari?"

Nilikuwa nimelileta. Siku hiyo niliandika mpaka vidole vikauma. Nilipokosa kuelewa niliuliza, na alipochoka tulinyamaza. Baba alikaa kando akinywa chai, na mara mojamoja akaongeza jambo alilolikumbuka kuhusu Maurice. Tulipoaga, Mama Dorsila alisema, "Jumatatu nitakuja kumaliza pazia."

Tulikuwa na siku nne. Mwalimu Mayaka alitunga wimbo mpya juu ya ngazi. Byron alinung'unika, kwa maana Maurice huyu mpya hakuunguruma wala kutupa kitu. Alishika ngazi tu. Mazoezi ya kwanza yalikuwa mabaya. Siku ya tatu, Mama Dorsila aliacha pazia lake akamwendea Byron.

"Usiitazame ngazi," alimwambia. "Maurice hakuitazama. Alinitazama mimi niliye juu. Watu walipomcheka hakugeuza kichwa."

Byron alifanya hivyo. Liz, aliyekuwa juu akijifanya anachora, akasahau maneno yake.

Ijumaa, katika ukumbi wa shule moja ya upili mjini Homa Bay, tulitundika pazia. Ziwa lilikuwa limejaa mitumbwi, na kila mtumbwi ulikuwa na jina lililonyooka. Mama Dorsila aliketi safu ya mbele kando ya Baba. Ulipofika wimbo wa ngazi, nyatiti ilipigwa taratibu, kikundi cha watu barabarani kikamcheka Byron, naye akaimba bila kugeuka:

"Acheni nishike, yuko juu anaandika,
Mkono wangu chini, jina lenu litafika."

Hakuna aliyezomea. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kiti cha Mama Dorsila kikisukumwa. Alikuwa amesimama. Alibaki amesimama mpaka wimbo ukaisha, mikono ameikunja kifuani, na watu wakapiga makofi wakiwa hawajui kwamba mwenye wimbo yupo miongoni mwao.

Tulishika nafasi ya pili. Ni shule ya kwanza tu iliyosonga mbele, kwa hiyo safari yetu iliishia pale. Wengine walilia. Mimi pia nilitaka kulia, nikijua kwamba kama tungekuwa na wiki nyingi za mazoezi huenda tungeshinda, na kwamba wiki hizo nilizipoteza mimi. Niliwaomba radhi wenzangu nyuma ya ukumbi. Byron alipangusa jasho akasema, "Ilikuwa sehemu nzuri kuliko ile ya kwanza. Usimwambie mtu kwamba nimesema hivyo."

Mama Dorsila alikuja akatushika mkono, mmoja baada ya mwingine. "Ero kamano," alimwambia kila mmoja kwa Kijaluo, yaani ahsante. Aliponifikia aliushika mkono wangu kwa muda.

"Miaka saba nilidhani ni mimi tu ninayemkumbuka," alisema. "Leo wamemwona watu wengi, na wamemwona alivyokuwa. Nakushukuru, nyathina."

"Mama, mimi ndiye niliyemharibia jina."

"Na wewe ndiye uliyerudi kulitengeneza. Sasa nisikilize. Ninapochora duka la mtu sichori duka ninalolitaka mimi. Namuuliza anauza nini. Nikikosea naifuta rangi ingali mbichi, maana ikikauka inakuwa kazi kubwa. Uongo nao ufute mapema. Na ukitaka kusema habari za mtu, kwanza kaa naye, umsikilize mpaka amalize. Muda aliokupa ni zawadi, na shukrani yake ni kusema kweli."

Mwalimu Mayaka, aliyekuwa akikunja pazia na wavulana, alitikisa kichwa kukubali. "Sina la kuongeza," alisema. "Idil, njoo ushike pembe hii."

Nilishika pembe ya kitambaa, Baba akashika nyingine, tukakikunja polepole ili rangi isipasuke.