Maji Yamepimwa

Inspekta Mwanne Seifu alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, akipaka unga wa alama za vidole juu ya kichwa cha pampu kwa brashi ndogo, polepole, kama mtu anayempaka mtoto poda. Nyuma yake walisimama wanawake wapatao thelathini na bidoni zao za manjano, madumu ya kuchotea maji. Bidoni zote zilikuwa tupu.

"Anaipamba," mmoja alisema. "Labda pampu inaolewa leo."

Wengine walicheka. Mwanne hakugeuka. Alizoea kufanya kazi huku akichekwa, na kicheko aliona ni afadhali kuliko mawe.

Alama zilikuwa nyingi mno. Mtaa mzima wa nyuma ya reli ulikuwa umeshika chuma hicho kwa miezi miwili. Aliweka brashi chini, akaanza kutazama kile ambacho hakikuwepo.

Mkono wa pampu ulikuwepo, chuma kizito ambacho mnunuzi yeyote wa vyuma chakavu angekichukua bila kuuliza. Ulilazwa kando juu ya gunia safi, usiguse mchanga. Kilichoibwa ni pini inayoushikilia mkono huo, ndefu kama kidole cha kati, pamoja na nati zake mbili. Sokoni hakuna ambaye angevitaka. Na tundu la pini lilizibwa kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, ili vumbi lisiingie.

Aliandika katika daftari lake: Mwizi ameacha kinachouzika, amechukua kisichouzika. Hakutaka chuma. Alitaka pampu isimame, lakini isiharibike.

"Mama Inspekta!" Ilikuwa sauti ya Mama Odile, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Siku ya kufungua hii pampu, wewe njo ulikunywa wa kwanza. Tulikuona kwa macho yetu. Tukasema, kama polisi amekunywa, na sisi tunywe. Leo utatuambia tunywe nini?"

"Tangu jana mnachota wapi?"

"Wapi kwingine? Ziwani. Pale pale pa zamani."

Mwanne alisimama. Magoti yalimuuma, lakini si magoti yaliyomsumbua.

"Nani aliona pampu ikifanya kazi mara ya mwisho?"

"Mimi. Jana, mbele ya misa ya saa nne. Tulipotoka kanisani, mkono ulikuwa umelala."

"Mchana kweupe, na hakuna aliyeona?"

"Nani aone? Waliobaki nyumbani ni wagonjwa na wenye kuuguza." Mama Odile alipunguza sauti. "Watoto watatu wako kwenye kituo cha kipindupindu. Na yule mutoto wa Rachelle, hukusikia? Alikufa Ijumaa. Mwaka mmoja na nusu. Walimuzika Jumamosi asubuhi, na Rachelle akapanda boti kwenda kwa mama yake, kule Zongwe. Alisema hawezi kulala mule ndani."

Mwanne hakuwa amesikia. Aliinama tena, ingawa hapakuwa na haraka, akachomoa kile kitambaa kwa koleo dogo. Kilikuwa na madoa meusi. Alikinusa. Fundi angeacha grisi. Hii haikuwa grisi. Ilikuwa wino.

Alikitia katika mfuko wa ushahidi.

Pampu ile ilikuwa ya Klabu Mkono Wazi, watu wa mji waliokutana kila Alhamisi: wafanyabiashara, walimu, manesi. Walikuwa wamegawa viti vya magurudumu na kupanda miti kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kisha wakachimba kisima hicho. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni.

"Hii ni hujuma," alisema Papa Valère, mwenyekiti, muuza saruji mwenye sauti ya kujaza chumba. "Alhamisi wageni wanatoka Lubumbashi kuja kuona pampu. Wakiridhika, watatupa nyingine tano. Mbili za Nyunzu, mbili za hapa, moja ya Pepa. Nataka mtu akamatwe mbele ya Alhamisi."

"Mtu yeyote?"

"Mwenye kosa, Mama Inspekta! Usinicheke."

Mezani aliketi katibu wa klabu, Madamu Bertille, mwalimu mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa akikunja gazeti dogo la klabu, nakala baada ya nakala. Nyuma yake palikuwa na mashine ya zamani ya kuchapisha, ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo parokia iliwaachia. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi.

Mwanne aliziona. Katibu yeyote ana wino vidoleni.

"Spana za pampu ziko ngapi?"

"Mbili," Bertille alijibu. "Moja anayo fundi Néhémie. Nyingine iko kabatini."

"Ufunguo wa kabati?"

"Ninao mimi."

"Fundi yuko wapi?"

"Nyunzu, tangu wiki iliyopita. Anatengeneza pampu ya zahanati."

Kabati lilifunguliwa. Rafu ilikuwa na vumbi, spana haikuwa nalo.

Ukutani palibandikwa gazeti la mwezi wa ufunguzi. Mwanne hakuhitaji kulisogelea. Ukurasa huo huo alikuwa ameubandika katika ofisi yake mwenyewe, juu ya meza, pale ambapo kila mgeni angeuona. Pichani alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, kikombe cha kijani mdomoni. Chini yake maneno: *Inspekta Mwanne Seifu anakunywa kikombe cha kwanza. Maji yamepimwa.*

"Nani aliandika hii?"

"Mimi. Huandika zote mimi." Bertille hakuinua macho.

Mwanne alichukua nakala moja ya gazeti jipya. Viti vya magurudumu, miti, pongezi kwa mwanachama aliyemwoza binti yake.

"Pampu haimo?"

"Nafasi haikutosha."

Mwanne aligeuza ukurasa wa mwisho. Nusu yake ilikuwa tupu.

Alitoka nje, akasimama kando ya reli, akapiga simu Nyunzu.

"Sema kwa nguvu, Mama!" Néhémie alipiga kelele. "Kuna jenereta hapa!"

"Maji ya pampu yetu yalipimwa lini?"

"Siku ile tuliyomaliza kuchimba."

"Kwa kifaa gani?"

"Kamba na saa. Kina, mita thelathini na mbili. Ndoo inajaa kwa dakika moja. Niliwaandikia karatasi: maji yamepimwa, ni mengi."

"Na vijidudu?"

"Vijidudu ni kazi ya watu wa labo, wenye maabara, Mama. Mimi na kamba yangu tutaviona wapi?"

"Mtu mwingine alikuuliza hivyo?"

"Madamu Bertille, Jumamosi mchana. Nilimujibu hivi hivi. Kisha akauliza pini ya mkono inafunguliwa namna gani. Nikamueleza. Nilifikiri ni ya gazeti."

Mwanne alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Fundi alipima kina na wingi, akaandika amepima. Mwalimu akasoma, akaelewa usafi. Yeye mwenyewe alisoma alichoandika mwalimu, akaipenda picha. Hakuna aliyedanganya. Alitafuta uongo katika mlolongo huo wote, kama alivyofundishwa kutafuta, asiuone, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Alirudi ndani, akamwomba Papa Valère asubiri nje.

"Mimi? Katika ofisi yangu?"

"Dakika chache, Papa."

Mlango ulipofungwa, aliweka mfuko wa ushahidi mezani. Kitambaa kilionekana vizuri.

"Madamu Bertille, una haki ya kunyamaza. Una haki ya kumwita wakili. Umenielewa?"

"Nimenyamaza siku mbili. Inatosha."

Alifungua mkoba wake, akatoa kibweta cha miwani. Ndani yake, badala ya miwani, mlikuwa na pini na nati mbili. Zilikuwa zimefutwa na kupakwa mafuta ya kupikia.

"Ulizitoa lini?"

"Jana, saa nne na nusu. Nilikuwa nawasikia wakiimba kanisani. Nilidhani nitashindwa, lakini nati zililegea upesi. Néhémie hufanya kazi nzuri."

"Kwa nini?"

Bertille alitazama mikono yake.

"Rachelle nilimfundisha darasa la tano. Msibani aliniuliza. Hakunilaumu, Inspekta, aliniuliza tu. 'Madamu, si uliandika maji yamepimwa? Sasa mutoto wangu alikunywa wapi mabaya?' Nikaja hapa kutafuta karatasi ya labo nimwonyeshe. Hakuna karatasi ya labo. Kuna ya Néhémie. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Nimewanyima watoto alama kwa sababu ya neno moja. Na siku ile mimi sikuuliza: yamepimwa nini?"

"Ulimwambia nani?"

"Papa Valère, Jumamosi hiyo hiyo. Alisema tusubiri wageni waondoke, halafu tutapima kimyakimya."

"Na watu wa mtaa?"

Bertille aligusa ile nusu ya ukurasa mtupu.

"Nilianza mara nane. Miaka sita naandika mazuri ya watu. Hili sikujua linaanziaje. Nikaona pampu ikisimama, hawatakunywa tena. Siku chache tu, mpaka niweze kusema."

"Wamerudi ziwani, Madamu."

Kwanza hakuelewa. Mwanne aliona maneno yakimwingia taratibu. Mkono ukaondoka juu ya ukurasa.

"Ziwani," alisema. "Kwa sababu ya maji hayo hayo tulichimba kisima."

"Hatujui bado kama ni pampu iliyomwua yule mtoto. Pengine ni ziwa. Pengine maji ya pampu ni safi kabisa."

"Na yakiwa safi?"

"Basi umewafungia watu maji safi." Mwanne alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Na yakiwa machafu, mimi ndiye niliyewaonyesha namna ya kuyanywa."

Aliandika hati ya mahojiano kwa mwandiko wake wa kujifunza mwenyewe, herufi moja moja. Siku, saa, mahali. Swali, jibu. Alipofika penye *Wengine waliohusika*, aliandika jina la Valère. Kisha akaandika lake.

Papa Valère aliitwa. Aliona pini mezani, akapaza sauti: "Kumbe mwizi ni..."

"Papa Valère, Jumamosi uliambiwa maji hayajapimwa labo?"

"Niliambiwa kwa mazungumzo tu. Haikuwa kikaoni."

"Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa?"

"Alikuwa amezikwa," alisema mwenyekiti.

"Keti. Una dawa ya kutakasa maji dukani kwako?"

"Katoni nne."

"Zilete zote. Maelezo yako nitayaandika baadaye."

Mwanne aliwapigia watu wa afya. Mtu wa labo angekuja kesho asubuhi na chupa zake. Mpaka hapo, pini ingebaki kuwa kielelezo. Pingu zilikaa kiunoni bila kuguswa. Alichukua daftari na kipande cha chaki, akamwambia Bertille avae viatu vya kutembelea.

Walianza upande wa reli, mlango kwa mlango. Kila nyumba Mwanne aligawa vidonge, akaonyesha kimoja kinatosha maji kiasi gani, akaandika nani amekunywa nini na nani anaumwa tumbo. Lakini kabla ya vidonge, Bertille alipaswa kusema. Mwanne hakumsemea.

"Maji ya pampu hayakupimwa labo. Niliandika yamepimwa. Pini niliitoa mimi. Tafadhali, msinywe ya ziwani bila dawa."

Mlangoni pa kwanza alisema kwa sauti isiyosikika, ikabidi arudie. Mlangoni pa nne alikuwa Mama Odile.

"Wewe, Madamu? Wewe mwenye kutufundisha kusoma?"

"Mimi, Mama Odile."

"Tungekuwa hatujui kusoma, ingekuwa afadhali." Alivichukua vidonge kwa nguvu. Kisha akamgeukia Mwanne. "Na wewe? Wewe unasindikiza tu?"

Mwanne alivua kofia yake.

"Mimi nilikunywa wa kwanza, na sikuuliza."

Tangu hapo, kila mlango ulisikia maungamo mawili. Wengine walitukana. Mzee mmoja aliwashukuru, na hilo liliwachoma zaidi. Nyumba iliyokwisha kuambiwa, Mwanne aliichora mstari wa chaki mlangoni.

Jua lilipokuwa likishuka, mistari ilikuwa kumi na saba. Ya kumi na nane ilikuwa nyumba ya Rachelle, kufuli mlangoni. Chini ya dirisha ilisimama bidoni moja ya manjano, imejaa, kifuniko kimekazwa. Jirani alisema ni maji ya pampu, Rachelle aliyachota Alhamisi, kabla mtoto hajaugua, na kwamba kesho atarudi kwa boti.

Mwanne alifunga karatasi ya kielelezo kwenye shingo ya bidoni, akaandika tarehe, akamwomba jirani aiweke ndani ya nyumba yake, asiifungue.

"Boti ya Zongwe inaingia saa ngapi?" Bertille aliuliza.

"Kesho saa tatu. Rachelle yumo."

"Nitamwambia nini?"

"Ulivyosema kwenye milango kumi na saba."

"Kwake haitatosha."

"Hapana," Mwanne alisema. "Haitatosha. Tukutane gatini saa mbili na nusu."

Alitia chaki mfukoni. Mkobani mwake ile hati ilikuwa bado haijatiwa sahihi, na mbele yao mtaa ulikuwa na nyumba nyingine arobaini. Mlango wa Rachelle aliuacha kama ulivyo, bila mstari.