Maoni ya Elinipendo kwa Marehemu

Elinipendo wa Mwika alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na haukuwa wa kutibiwa hospitali: alipenda kutishwa. Kila Jumamosi alishuka Moshi mjini na maparachichi na maziwa ya mgando, akishauza anakwenda moja kwa moja dukani kwa Nazlin. Huyu alikuwa binti wa Kiismailia aliyerithi duka la vitambaa la baba yake, na biashara huria iliporuhusiwa akageuza nusu ya duka kuwa la kanda. Aliazimisha kanda za muziki, za mahubiri, na zile zilizomtoa Elinipendo mlimani: simulizi za kutisha, zilizorekodiwa na vijana wa pale pale mjini kwenye chumba cha nyuma ya duka, chenye magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie.

Kurudisha kanda bila kutoa maoni hakuweza. Msimulizi anayepiga kelele, alisema, ni sawa na mpishi anayemwaga chumvi kwa sababu hajui kupika. Mlango ukilia kwenye kanda, yeye hufikiria mafuta ya bawaba. Bundi hakumtaka kabisa, maana bundi wa kanda zote alikuwa yule yule mmoja, na alishamzoea kama kuku wake. Kwake hadithi ya kutisha ilipaswa kusimuliwa polepole, na mtu ambaye angependelea kunyamaza.

Aliyemkera kuliko wote ni kijana mmoja aitwaye Wenseslaus, aliyependwa na mji mzima. Sauti alikuwa nayo, nzito na ya chini. Lakini kila akikaribia neno la kutisha alivuta pumzi kwa pua, fyuu, kama ng'ombe anayenusa magadi.

"Akinusa tu, najua mzimu unakuja," Elinipendo alimwambia Nazlin. "Sasa hapo mimi nitaogopa nini?"

"Mama Eliona, unalalamika peke yako. Wateja wengine wanalala taa inawaka."

"Basi na wauziwe mafuta ya taa."

Nazlin alicheka, akaahidi kumfikishia kijana salamu zake. Elinipendo akapanda gari la Mwika na kanda mbili mpya kwenye kikapu, ameridhika kabisa na siku yake.

Nyumbani alikaa peke yake. Binti yake Eliona alikuwa muuguzi Tanga. Mumewe, Ebenezeri, alikuwa amelala chini ya nyumba, ndani ya kihamba chao, shamba la ukoo, kati ya kahawa na migomba, mmea wa isale umepandwa kichwani pake kama ilivyo desturi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka mingi ya kupulizia kahawa mrututu, ile dawa ya buluu, ilimwachia kikohozi, naye alikuwa na adabu nacho: alimaliza kwanza sentensi yake, ndipo akakohoa.

Tangu azikwe, mdogo wake Aminieli, aliyejenga Shirimatunda, chini mjini, hakumpa mjane nafasi ya kupumua. Alitaka kihamba. Alitaka kufyeka kahawa na kujenga vyumba vya wageni wa mlimani, na hoja yake ilikuwa ile ya siku zote, kwamba mjane mwenye mtoto wa kike tu anashikilia ardhi ya ukoo bure. Elinipendo alimjibu mbele ya wazee kwamba kahawa ile aliipanda kwa mikono yake, mumewe yumo mle, na yeye atatoka mle akibebwa. Aminieli akateremka kwake bila kuaga.

Wiki chache baadaye, jioni, ukungu ulikuwa umeshuka mapema na kujaa kwenye migomba. Elinipendo alikuwa akikamua. Ng'ombe akaacha kutafuna. Akageuza kichwa, akatazama kaburini.

"Elinipendo."

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Nzito. Ya chini.

"Ondoka, Elinipendo. Hapa si pako. Unalinyima amani kaburi langu."

Ndoo ikamponyoka. Maziwa yakamwagika miguuni, ya moto bado, na hakuinama kuiokota. Yule mwanamke aliyewacheka mabundi wa kwenye kanda alikimbilia ndani, akafunga mlango, akasukuma kabati mbele yake.

Kesho yake jioni sauti ilirudi. Safari hii jirani yake Gladness alikuwa akipita nje ya ua na mzigo wa majani kichwani. Aliisikia. Aliutupa mzigo akakimbia, na kabla ya giza kuingia Mwika nzima ilikuwa na habari. Walikuja watu wa kanisa wakaomba na kuimba, wakaondoka mapema kuliko kawaida yao. Hakuna aliyeitazama migomba.

Siku iliyofuata Aminieli alipanda na mkate na sukari, uso umejaa huruma. Alimwambia shemeji yake kwamba marehemu akishasema, habishiwi. Aende kwa Eliona akapumzike. Kihamba kitaangaliwa.

Akatamani kubisha, akakosa nguvu. Aminieli alipoaga, alitandaza kitenge kitandani akaanza kufunga vitu vyake. Mablanketi. Biblia. Picha ya harusi. Alilia huku akifunga, maana hakuwahi kufikiri kwamba Ebenezeri, wa watu wote, ndiye atakayemfukuza. Nje ukungu ulikuwa unashuka tena.

Sauti ikaja.

"Ondoka, Elinipendo."

Akakaza fundo.

"Hapa si pako. Unalinyima amani..."

Fyuu.

"...kaburi langu."

Mikono yake ikasimama juu ya fundo. Jioni zile mbili hofu ilimziba masikio; sasa aliisikia pumzi ile. Akasubiri. Sauti ikarudia maneno yake, na kabla ya neno kaburi, yule ng'ombe wa kanda akanusa magadi tena.

Hapo hofu ilimtoka Elinipendo, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Alichukua panga la kukatia majani. Akafungua mlango. Akateremka katikati ya migomba bila kuvaa viatu, akaifuata sauti mpaka kaburini, na pale, amechuchumaa nyuma ya shina la mgomba na redio kaseti mapajani, alikuwa Aminieli, koti limelowa ukungu.

"Shemeji," alisema, "umeniletea Wenseslaus?"

Aminieli alibonyeza kitufe, na kihamba kikanyamaza.

Ningekuwa mimi ningemcharaza ubapa wa panga na kumaliza. Elinipendo alikuwa msikilizaji, na msikilizaji hawezi kunyamaza. Akasimama juu ya kaburi la mumewe akatoa maoni yake yote, kwa sauti iliyomfikia Gladness nyumbani kwake. Ebenezeri alianza lini kumsemesha mkewe Kiswahili? Kiswahili ndani ya nyumba hii ni cha bwana mifugo na wanunuzi wa kahawa! Tangu Eliona azaliwe, hakuna siku mumewe alimwita Elinipendo. Na kikohozi kiko wapi? Mtu aliyekohoa miaka yote ile, kifo kimempa dawa gani? Mmechukua kijana asiyejua hata salamu ya Kichagga, mkampa kazi ya kuwa Mchagga aliyekufa. Uvivu mtupu!

"Ebenezeri mwenyewe angesimulia vizuri kuliko huyu," alimalizia.

Upepo haukuwapo. Jani moja la mgomba, juu ya kaburi, lilijikunja polepole kama linalosikiliza. Aminieli aliliona. Aliacha redio pale pale, akakimbia.

Jumapili wazee walikaa. Aminieli alikuja na jani la isale, akampa shemeji yake kwa mikono miwili, na kwetu mlimani aliyeletewa isale hakatai msamaha. Elinipendo akapokea. Mbege, pombe ya ndizi, ikanywewa. Katika furaha ile hakuna mzee aliyeuliza kama pale palikuwa na mtu mmoja tu wa kuombwa radhi, au wawili. Marehemu aliibiwa sauti yake, akafanywa mwongo juu ya kaburi lake, na hakuna aliyempelekea hata jani.

Jumamosi Elinipendo alishuka mjini na ile kanda ya kwenye redio ya Aminieli, apate kucheka na Nazlin. Ulikuwa mchana mweupe. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na mafundi cherehani wa barazani walikuwa wakibishana juu ya mpira. Nazlin hakuwa na raha. Alisema Wenseslaus hajafika kurekodi wiki nzima. Sauti imemkauka. Anakohoa tu, na anachotema kwenye kitambaa ni cha buluu. Hospitali wamempima kila kitu, hawaoni kitu.

Elinipendo hakucheka tena. Alimpa kanda, Nazlin akaiweka kwenye mashine.

Ondoka, Elinipendo. Hapa si pako. Fyuu. Kaburi langu.

Kisha kimya. Mkwaruzo wa utepe unaozunguka. Nazlin akanyoosha mkono aizime.

"Ngoja," Elinipendo alisema.

Ilianza sauti nyingine. Haikuwa nzito. Haikupaza. Ilisema kama mtu ambaye angependelea kunyamaza, na ilisema Kichagga. Ilimwita Mama Eliona. Ilisema maneno machache, ikayamaliza. Kisha ikakohoa.

Nazlin alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. "Anasema nini?" alinong'ona.

Elinipendo alijibu bila kuondoa macho kwenye mashine.

"Anasema ni kweli, kijana hakujua kusimulia. Anasema nikae nyumbani." Akaizima mashine. "Anasema atamalizia mwenyewe, kwa huyo kijana kwanza, halafu kwa mdogo wake."

Pale pale, mbele yake, Nazlin alivunja vijino viwili vya nyuma ya kanda, ambavyo vikiondoka haiwezi kurekodiwa tena, akaifungia kwenye droo ya pesa. Ufunguo akauvaa shingoni.

Elinipendo alifika Mwika jua likiwa bado juu. Hakuingia ndani. Alipita kwa Aminieli, aliyekuwa bado kwa ndugu mlimani tangu Jumapili akiuguza kikohozi kilichomwanza tangu alfajiri, akamkamata mkono akamburuta mpaka kihambani. Akamfanya akate isale jingine, apige magoti, alipande miguuni pa kaka yake na kuomba radhi kwa jina. Aminieli alifanya yote akilia, na alipomaliza alipangusa mdomo, na mkono wake ulikuwa na doa la buluu. Akaenda zake akipepesuka.

Elinipendo alibaki. Ukungu ulianza kuteremka. Ng'ombe aliacha kutafuna. Mwili mzima ulimwambia kimbia. Akasogea karibu na kaburi.

"Ebenezeri," alisema, kwa Kichagga. "Isale umeletewa. Waachie. Yule kijana wa watu alikuwa kazini, na huyu ni mdogo wako, mjinga lakini wako. Umesema nikae. Nakaa kwa sababu nimetaka, si kwa sababu umeniruhusu. Aliye hai hapa ni mimi, na kwenye kihamba hiki hakuna mtu atakayetishwa tena, si na mdogo wako wala na wewe."

Hakuna kilichojibu. Kitu kilipita kati ya mashina, chini chini, bila kutikisa jani, kikaja mpaka mbele ya miguu yake. Kikasimama. Hakurudi nyuma. Baada ya muda ng'ombe akaanza kutafuna tena, naye akaenda kukamua, ndoo ikilia ovyo. Alikamua mpaka mwisho.

Kikohozi cha Aminieli kilikatika usiku ule ule. Hajautaja ukoo na kihamba tena. Wenseslaus alirudi kurekodi mwezi huo huo, na wateja wakasema amekuwa hodari kupita zamani. Hanusi. Mtu akimuuliza kwa nini, anatoka nje ya chumba.

Jumamosi iliyofuata Nazlin alimsubiri Elinipendo mlangoni. Aliwafukuza wateja kwa upole, akafunga, akavua ufunguo shingoni. Alisema usiku alisikia mkwaruzo dukani. Droo ilikuwa imefungwa kama alivyoiacha. Ndani yake kanda ilikuwa na unga wa buluu juu yake, laini, kama iliyopuliziwa, na vile vijino vya nyuma vilikuwa bado vimevunjika.

"Imeongezeka, mama," alisema. "Nimeisikiliza mara moja tu. Kuna mwanamke. Kichagga sikijui, lakini nimemjua kwa jinsi anavyogomba."

Akabonyeza kitufe. Ulisikika mlio wa ng'ombe kwa mbali, kisha sauti ya Elinipendo, wazi, pumzi zake zote zimo: isale umeletewa, waachie, nakaa kwa sababu nimetaka. Neno kwa neno. Ilirekodiwa kwa karibu sana, kama aliyerekodi alikuwa ameegemeza sikio kifuani pake. Ikafuata kimya. Na mwanaume akacheka, taratibu, akacheka kwa muda mrefu, akamaliza. Ndipo akakohoa.

Nazlin alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Alimtazama mteja wake mkongwe, na kwa sababu hakujua aseme nini kingine, alimuuliza lile swali alilomuuliza kila Jumamosi: ameionaje?

Elinipendo alipangusa unga wa buluu kwenye kanda kwa ncha ya kitenge. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Anasimulia vizuri," alisema. "Kicheko tu ndicho kimezidi urefu." Akaitumbukiza kanda kwenye kikapu, juu ya mkate. "Usihangaike kumfikishia salamu. Hii nitamwambia mwenyewe, nikifika nyumbani."